Karani mmoja na mafaili yote: nilivyojifunza kudifragi kompyuta ya Mzee

Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Nkuhungu ilikuja mwaka 2012, Pentium 4 ya mtumba iliyotoka Dar kwenye buti la basi imefungwa na blanketi, hard disk, yaani diski ya kutunzia mafaili, GB 80, ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, MB 512, Windows XP. Niliinunua kwa ajili ya Mzee. Baba alikaa masijala kwenye ofisi moja ya serikali miaka zaidi ya thelathini, na alipostaafu alikuwa na kitu kimoja tu anakitaka, aandike jinsi alivyoiona Dodoma toka ule mwaka 1973 ilipotangazwa kuwa makao makuu, mji ukiwa bado mdogo unauzunguka kwa mguu asubuhi na unarudi nyumbani chai bado ipo mezani. Alikuwa ameshajaza madaftari manne kwa mkono. Nikamwambia Baba, haya madaftari mchwa watayala, tuyaingize kwenye mashine.

Miezi ya mwanzo mambo yalikuwa safi kabisa. Mzee anachapa kwa kidole kimoja, mdogo mdogo, sura ya kwanza, sura ya pili. Ila nyumba yenyewe si ya mtu mmoja, dada akaleta video za sendoff yake, mdogo wangu akajaza filamu, mimi nikawa natunza rekodi za kwaya yetu humo humo, kila mtu anaweka anafuta anaweka tena. Kufika katikati ya mwaka 2013 ukiiwasha kompyuta mpaka uweze kufungua faili ni dakika saba, nilipima kwa simu, dakika saba na sekunde kadhaa. Na ule mlio sasa, krrr krrr krrr, taa nyekundu ya mbele haizimi, unabonyeza kitu halafu unakaa unaiangalia. Mzee hakulalamika hata siku moja, yeye akishaiwasha anaenda kumwagilia michicha anarudi, lakini nikaona kuna siku ameanza kurudi kwenye daftari. Hiyo iliniuma kwakweli.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakuifungua wala kuuliza ndani kuna nini, akasema hii inapigwa Windows upya, elfu ishirini, kesho jioni unachukua ikiwa mpya. Sasa kama hujui, kupiga Windows kwa mafundi wengi maana yake wanafomati, kila kitu kilichokuwepo kinaondoka usipowaambia wakutolee vitu vyako pembeni kwanza. Nilikuwa nimeshakubali. Kilichoniokoa ni kwamba siku ile hakuwa na nafasi ya kuianza kazi, akaniambia niirudishe Jumatatu, na Jumapili nikakutana na jamaa mmoja niliyesoma naye anafanya kazi za kompyuta ofisini kwao, nikamweleza, akaniuliza swali moja tu, umeshawahi kuidifragi hiyo diski toka umeinunua? Nikamwambia sijui hata ni kitu gani.

Alinielekeza kwa dakika kumi tumesimama hapo hapo nje ya kanisa, kwamba kudifragi ni kukusanya vipande vya mafaili vilivyotawanyika kwenye diski na kuvipanga pamoja. Nikarudi nyumbani nikafungua, unaingia My Computer, unaklik kulia kwenye C, properties, tools, programu ya kudifragi unaikuta hapo. Kabla ya kuanza unaiambia ichunguze kwanza diski. Ikatoka ile picha ambayo waliotumia XP wote wanaikumbuka, mstari mrefu wenye michirizi ya rangi, nyekundu ni mafaili yaliyogawanyika, bluu ni yaliyokaa pamoja, kijani ni yale yasiyohamishika, nyeupe ni nafasi wazi. Ya kwetu ilikuwa nyekundu mwanzo mpaka mwisho, bluu unaitafuta, nyeupe ni nyuzi nyuzi tu.

Mzee akavuta kiti. Akaniuliza hii ni nini mwanangu, nikaanza kumweleza kama nilivyoelezwa, na ndo nikagundua hakuna mtu kwenye hii nyumba atakayeelewa jambo hili haraka kama mzee wa masijala. Nikamwambia hivi Baba, hii diski imekatwa vipande vidogo vidogo vya KB 4 kila kimoja, chukulia kila kipande ni nafasi ya karatasi moja kwenye shelfu. Picha moja ya MB 3 inataka karatasi 768. Diski ikiwa mpya zinapangwa mfululizo, mtu anapita anazoa. Sasa ukifuta picha kumi huku, wimbo kule, filamu kule, yanabaki mapengo, halafu dada analeta video yake kubwa, hakuna sehemu moja inayoitosha nzima, kwahiyo Windows inaimwaga kwenye mapengo, karatasi ishirini hapa, mia kule, tatu kule mwisho wa chumba, na inaandika kwenye rejista kila karatasi ipo wapi. Hakuna kilichopotea, ila siku ukiliita hilo faili lazima mtu akimbie chumba kizima.

Mzee akacheka akasema sisi tulikuwa na faili moja lilikuwa hivyo, folio ya kwanza mpaka ya arobaini ipo shelfu la juu, zingine mtu kazikuta kwenye droo, zingine zipo mezani kwa bosi, bosi akiliomba unajibu "linaletwa" halafu unatoka jasho. Halafu akauliza swali ambalo naliona ndo lenyewe hasa: kwa nini hawakuziweka pamoja toka mwanzo? Nikamwambia kwa sababu siku faili linakuja shelfu lake lilikuwa limeshakaliwa na wengine. Akasema basi shida ni nafasi. Nikampuuza hapo, nikaona anachukulia mambo kirahisi, na usiku huo huo nikaona alikuwa sahihi kuliko mimi.

Maana XP ilinitolea onyo. Ile programu ya kudifragi inataka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi ili ipate pa kuwekea vitu wakati inapanga, kwenye GB 80 ambayo kiukweli inaonekana 74 na kitu hiyo ni kama GB 11, mimi nilikuwa na GB 3. Ni kama kupanga upya masijala wakati huna hata meza moja tupu ya kuweka makaratasi uliyoyashusha. Nikabonyeza endelea hivyo hivyo. Ilianza saa tatu usiku, saa tano ipo asilimia 9, nikaiacha nikalala, alfajiri mida ya saa kumi umeme ukakatika.

Nililala macho mpaka kunakucha. Nawaza madaftari ya Mzee, maana yale mawili ya mwanzo tulishayagawa, shangazi kayachukua kaenda nayo Kondoa kuyasoma. Umeme uliporudi nikaiwasha mikono inatetemeka, ikaleta ile skrini ya bluu ya kukagua diski, namba zinapita, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ikawaka kama kawaida. Mafaili yote yapo. Baadaye nilikuja kuelewa kwanini, Windows inapohamisha kipande inakinakili kwanza sehemu mpya, kikishakaa ndo inabadilisha rejista, kwahiyo umeme ukikatika katikati kile cha zamani bado kipo mahali pake. Wameitengeneza kwa kufikiria watu kama sisi. Lakini sikushauri uiamini hiyo peke yake, mimi wiki ile ile nilinunua UPS ndogo, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, na kabla sijagusa tena kitu nikamnakilia Mzee sura zake zote kwenye flashi mbili.

Halafu nikaanza kazi niliyotakiwa kuianza nayo, kutoa vitu. Hii nataka niiongelee vizuri kwa sababu watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia kudifragi. Video ya sendoff ya dada ilikuwepo mara tatu, folda tatu tofauti, ile ile, na kwenye ripoti ya difragi moja ya hizo ilikuwa imekatwa vipande 2,413. Nilipiga hesabu kwa kalamu. Ile diski inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na ndani kuna mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea, kila ikibidi aruke kwenda kipande kingine lazima asogee afu asubiri mzunguko umletee sehemu anayoitaka, kwa wastani hapo zinaondoka kama milisekunde 13. Ni muda mdogo hata kukonyeza jicho hujamaliza. Zidisha mara 2,413 sasa, ni zaidi ya nusu dakika ya kuruka tupu, hujasoma hata picha moja ya bibi harusi.

Nikakaa na dada Jumamosi nzima. Kila kopi anaikazania, hii ina sehemu ya kaka mkubwa anacheza, hii sauti yake nzuri, mpaka tukazifungua zote moja moja akaona ni kitu kile kile. Tukabakiza moja, tena tukaiweka kwenye DVD. Takataka ilikuwa na GB 2, kumbe kila tulichokuwa tunafuta kinahamia tu kule na kinaendelea kula nafasi. Vifaili vya muda vya intaneti, na programu mbili za kuzuia virusi zinazofanya kazi kwa pamoja, moja mdogo wangu aliiweka akiwa hajui kuna nyingine, kila faili linalofunguliwa linakaguliwa mara mbili. Jioni tukawa na GB 19 wazi. Na kufuta lazima kuje kabla ya kudifragi, ukipanga kwanza halafu ndo ukafuta unakuwa umechimba mapengo upya kwenye shelfu ulilolipanga jana yake.

Safari hii ilianza saa mbili usiku na saa sita ilikuwa imemaliza. Mzee alikaa nayo muda mrefu kuliko mimi, hakuna cha maana cha kuangalia pale zaidi ya ile michirizi inavyobadilika, nyekundu inapungua kidogo, bluu inasogea kutoka kushoto, mlio wa diski nao unabadilika, ile krrr ya hasira inakuwa kama mtu anafagia. Aliniambia nikalale yeye anaiangalia. Nilimkuta kesho yake kanisubiri aiwashe mbele yangu.

Dakika nne na sekunde hamsini. Kutoka saba. Nasema namba yenyewe kwa sababu nimesikia watu wengi wanasema ukidifragi kompyuta inakuwa mpya, hapana, yangu ilipungua dakika mbili na ushee, tena sina uhakika zote ni za difragi maana hapo katikati nilikuwa nimeshatoa ile programu moja ya virusi. Baadaye nikaingia msconfig, sehemu ya Windows ya kuchagua nini kiwake nayo, nikazuia vitu vilivyokuwa vinajiwasha vyenyewe bila kuombwa, ikafika tatu na nusu. Halafu nikaongeza ramu, kutoka MB 512 hadi GB 1.5, ikawa chini ya dakika mbili. Hapo ndo nilielewa sehemu kubwa ya ule mlio ilitoka wapi, ramu ikiwa ndogo Windows inaazima nafasi kwenye diski, inaweka inatoa inaweka inatoa kutwa nzima, na hicho difragi haikitibu. Kama una laki moja na kompyuta ya zamani, ramu kwanza.

Na vumbi. Aliyekaa Dodoma anajua mwezi wa saba na wa nane upepo ukianza hata sahani za kabatini unazifuta kabla ya kupakua. Nilipofungua boksi kuweka ramu nikakuta feni ya prosesa imevaa koti, vumbi limeganda kama kitambaa. Diski yenyewe haiingii vumbi, imefungwa vizuri, lakini Pentium 4 ikipata moto inajipunguzia spidi yenyewe isiungue, wewe unakaa unalaumu diski. Nilitumia brashi ya rangi mpya, nikaishika feni kwa kidole isizunguke, nikafuta taratibu. Toka hapo kila baada ya miezi mitatu, na kiangazi kila mwezi.

Mwaka 2014 Microsoft wakaacha kuihudumia XP, ilikuwa tarehe 8 Aprili, tukahamia kwenye kompyuta nyingine ya mtumba, ya prosesa ya Core 2 Duo, yenye Windows 7 na diski ya GB 250. Kwenye 7 ile michirizi ya rangi wameitoa, unaona asilimia tu, Mzee alisikitika. Ila inajipangia yenyewe, imewekewa ratiba ya kudifragi kila Jumatano saa saba usiku. Sasa niambie ni nyumba gani ya kwetu kompyuta ipo on saa saba usiku, sisi ikifika saa nne inazimwa ukutani kabisa kuokoa uniti. Mchana nayo inasubiri kompyuta itulie, na ya kwetu ikiwaka ina mtu. Nikahamisha ratiba ikawa Jumapili mchana, muda ambao wote tupo ibadani, nikawa naiacha na UPS.

Hapa sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma. Nilishakuwa mtu wa difragi. Jirani akisema kompyuta yake nzito, nakwenda, nafuta, nadifragi, nasifiwa. Nilikuwa na dawa moja na kila ugonjwa niliutibu kwa hiyo. Julai 2016 ilipotangazwa kwamba serikali yote sasa inahamia Dodoma kweli kweli, Mzee aliamka upya, akawa anaandika usiku na mchana, anasema nimesubiri hili neno toka nikiwa kijana lazima liwemo. Na mwezi wa kumi kompyuta ikaanza kuwa nzito tena. Faili moja linafunguka sawa, lingine unasubiri dakika nzima kompyuta imeganda halafu inaachia. Kukawa na mlio mpya, sio ile krrr, ni tk, kimya, tk, kimya, tk. Nikachunguza kwa difragi ikaniambia asilimia 2 tu ndo zimegawanyika. Asilimia mbili! Hilo jibu lilitosha kuniambia tatizo halipo huku, na mimi nikaidifragi hivyo hivyo, nikijisemea haiwezi kudhuru.

Inaweza. Diski inayokufa ina sehemu ambazo hazisomeki tena vizuri, na kazi ya difragi ni kuilazimisha izunguke kila mahali, isome, iandike, isome, masaa mazima bila kupumzika. Ni kumchukua mgonjwa wa moyo ukamkimbiza kuupanda mlima. Iliganda, nikazima kwa nguvu, nikawasha, ikawaka mara moja ikazima yenyewe, mara ya pili ikaleta maandishi meupe kwamba diski haisomeki. Na nakala za flashi za Mzee? Mara ya mwisho kuzisasisha ilikuwa mwezi wa pili.

Watu walinishauri mengi, kuna aliyeniambia niweke diski kwenye friza usiku mmoja, kuna aliyesema niigonge taratibu. Sikufanya, nashukuru. Yule jamaa yangu wa kanisani akaniambia neno moja, usiiwashe tena. Tukaichomoa, tukaifunga kwenye kompyuta yake kama diski ya pembeni, akaiangalia na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikaja rangi ya njano, akanionyesha mistari miwili, mmoja unahesabu sehemu ambazo diski imeshazikataa na kuzihamishia akiba, mwingine unahesabu zinazosubiri uamuzi kwa sababu zimeshindwa kusomeka. Zote zilitakiwa ziwe sifuri. Kuangalia pale kunachukua nusu dakika, ni programu ya bure, na mimi miaka mitatu nilikuwa nazunguka nyumba za watu nadifragi bila kuangalia hata mara moja.

Alitumia sidii ya Linux, mfumo mwingine unaowaka bila Windows, yenye programu ya ddrescue. Inachofanya inazoa kwanza sehemu zote zilizo nzima haraka haraka, zile ngumu inaziruka, halafu mwisho ndo inarudi kuzing'ang'ania moja moja, ili diski ikifa katikati uwe umeshapata kingi. Nilinunua eksitenal, diski ya nje ya kuchomeka, ya GB 500 siku hiyo hiyo ya kumwagia, ikachukua siku mbili na usiku wake. Tulipata karibu vyote. Kwaya nzima ilipona, dada alipona. Sura ya sita ya Mzee haikupona, faili lipo, jina lipo, ukilifungua ni alama alama tu, na kwenye flashi ilikuwa bado haijaanzwa.

Sura ya sita ilikuwa ni mwaka alioana na Mama, chumba kimoja cha kupanga Chang'ombe, wanavyopokezana ndoo za maji usiku kwa usiku. Mama alikuwa ameshatutoka. Nilimwambia Mzee nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Alinyamaza akaniuliza, wewe unajua nilikuwa nimeandika nini? Nikasema sijawahi kuisoma, nilikuwa nasubiri uimalize. Akasema basi kaa hapo, leta daftari. Alinisimulia jioni tatu mimi naandika, na kuna vitu alivisema ambavyo naamini kwenye ile ya kwanza hakuviweka, mfano Mama alivyokuwa anamficha yeye njaa, anasema ameshakula ugali na mlenda kwa jirani.

Mwaka 2020 nikamwekea SSD, diski ya aina mpya isiyozunguka, ya GB 240. Kompyuta ile ile ya Core 2 Duo, Windows 10, inawaka ndani ya nusu dakika, Mzee ikabidi awe anamwagilia michicha kwanza ndo anakuja kuwasha. Mpwa wangu alikuwa likizo kwetu, kijana wa kidato cha tatu, anapenda sana hivi vitu, nikamkuta anatafuta mtandaoni programu ya kuidifragi, kasoma mahali kwamba kompyuta inatakiwa kudifragiwa kila mwezi. Nikamsimamisha. Nikamwambia mjomba, SSD haina mkono wala sahani inayozunguka, kipande kiwe mwanzo kiwe mwisho kinafikiwa kwa muda ule ule, kwahiyo hata zikitawanyika hakuna anayekimbia, na vile vichumba vyake vya ndani vinavumilia kuandikwa kwa idadi fulani tu, ukihamisha hamisha GB zote hizo unaizeesha bure. Flashi nayo hivyo hivyo. Windows toka ile ya 8 inajua tofauti, ukiandika dfrgui kwenye sehemu ya kutafutia inakuonyesha kila diski ni ya aina gani, ya kuzunguka inaidifragi, SSD kwa kawaida inaipelekea taarifa ya TRIM, yaani inaiambia vichumba hivi mwenyewe ameshavifuta unaweza kuvisafisha kwa muda wako. Unaiacha ifanye yenyewe.

Hakuamini kama kuna mkono. Nikaenda kwenye droo nikatoa ile diski iliyotufia, nilikuwa sijaitupa. Skrubu zake zina vichwa vya nyota, na kuna moja imejificha chini ya stika, usipoijua utakwangua mpaka uchoke. Tukaifungua barazani, Mzee akaja kuangalia na miwani yake. Ndani kuna sahani inang'aa kama kioo, Mzee aliinama akajiona uso wake wote na ndevu, na pembeni kimkono chembamba cha chuma kimelala, mwishoni kina vichwa viwili vidogo kuliko punje ya uwele, kimoja cha juu ya sahani kimoja cha chini, na vyote vinakwenda pamoja, hakuna kimoja kinachoweza kwenda kwake. Mpwa akakisukuma kwa kidole, kikasafiri kutoka pembeni mpaka katikati ya sahani, kikarudi.

Mzee akakiangalia muda. Akasema, karani ndo huyu mmoja tu? Nikamwambia ndiyo Baba. Akasema, masijala nzima ile, kwaya, sendoff, filamu za huyu, na sura zangu, ni huyu peke yake ndo alikuwa anakimbia? Nikasema peke yake. Akatikisa kichwa akasema pole yake.

Halafu akaomba ile kalamu ya wino mzito tunayoandikia madumu. Akachukua eksitenal, akaandika juu yake kwa ule mwandiko wake wa ofisini, KUMBUKUMBU, NAKALA YA PILI, tarehe, na chini kabisa, Sura 1 hadi 11. Anaiweka kwenye sanduku la bati chumbani kwake pamoja na hati ya kiwanja, na kila Jumapili tukitoka ibadani anaitoa ananipa, mimi nanakili, anabadilisha tarehe, anairudisha.